Mashine Nayo Hupimwa
Mazungumzo kuhusu haki ya mgonjwa mbele ya kamera ya tiba ya nyuklia



Katika vikao vilivyotangulia mmezungumzia mizani ya sokoni, pampu za mafuta na mita za maji, vifaa ambavyo kila mmoja wetu huvitazama kwa jicho la kushuku, kwa sababu tunajua kikikosea, fedha ni yetu inayopotea. Leo nimeombwa nizungumzie kifaa ambacho wengi hukutana nacho mara moja tu maishani, tena katika siku ya hofu: kamera ya gama inayotumika katika tiba ya nyuklia. Ninalo jambo moja la kuwaachia, nami nalisema mapema lisije likapotea njiani. Mashine inayompima mgonjwa sharti nayo ipimwe, na ipimwe kabla mgonjwa hajachomwa sindano.

Niruhusuni nianze na kisa changu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu mzazi katika hospitali moja kubwa. Alikuwa ametibiwa saratani ya titi, na daktari wake alitaka kujua kama ugonjwa umefika kwenye mifupa. Tulisafiri usiku kucha kwa basi. Saa 1 asubuhi tulikuwa tumekwisha kuketi kwenye benchi, wa kwanza katika foleni. Ilipofika saa 3 alitoka binti mmoja, mteknolojia wa idara ile, akamwamkia mama, kisha akasema kwa upole: "Mama, utuwie radhi. Leo hatutakuchoma sindano. Tumeipima kamera asubuhi hii, haikufaulu. Fundi ameitwa. Tunakuomba urudi kesho."

Nilisema maneno ambayo hadi leo nayaonea haya. Nilitaja nauli, nilitaja usiku tuliokesha, nikamwambia kwamba mashine ni nzima, maana taa zake nilikuwa nikiziona zinawaka kupitia mlango uliokuwa wazi. Yule binti hakubishana nami. Alituingiza ndani, akatuonyesha kioo cha kompyuta. Palikuwa na picha ya rangi ya kijivu, tulivu kama mkeka mpya, isipokuwa mahali pamoja ambapo palikuwa na doa la mviringo. Akasema: "Kaka, hapa hapana mgonjwa. Hii ni kamera ikitazama kitu kilicho sawasawa kila upande. Doa hili ni la kamera yenyewe. Tukimpiga mama picha leo, doa litakuwa la nani?"

Kabla sijapata la kujibu, mama akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeuza mchele sokoni miaka 30. Mizani ikikataa kurudi kwenye sifuri, humpimii mtu. Unaiweka chini. Twende zetu, tutarudi kesho."

Mimi niliyesoma nilihitaji kuonyeshwa picha. Mama yangu alikwisha kuelewa. Mazungumzo yangu ya leo ni maelezo marefu ya maneno yake mafupi.

Kamera isiyotoa mwanga

Picha ya eksirei hupigwa kwa mionzi inayotoka kwenye mashine na kupenya mwilini. Tiba ya nyuklia huenda kinyume. Mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi kidogo, mara nyingi kwa sindano, na dawa hiyo huelekea kwenye kiungo kinachochunguzwa: mifupa, moyo, figo, ini au tezi ya shingo. Mwili ndio unaotoa miale, na kamera huipokea tu. Kwa hiyo picha hii huonyesha zaidi jinsi kiungo kinavyofanya kazi kuliko umbo lake.

Dawa inayotumika zaidi duniani imejengwa juu ya elementi iitwayo teknetiamu-99m. Kila baada ya saa 6 mionzi yake hupungua nusu, ndiyo maana haiwezi kuwekwa ghalani kama dawa nyingine. Hospitali hupokea chombo kilichokingwa kwa risasi, chenye molibdenamu-99, ambayo hupungua nusu kila baada ya saa 66 huku ikizaa teknetiamu ndani yake. Asubuhi wataalamu huichuja teknetiamu hiyo kwa maji ya chumvi. Kwa utani, wataalamu wa nchi nyingi hukiita chombo hicho ng'ombe, kwa kuwa hukamuliwa, kikaachwa, kikakamuliwa tena.

Kamera yenyewe ni mwana wa ubunifu wa Hal Anger, mhandisi wa Marekani aliyeibuni huko Berkeley katika miaka ya 1950. Mbele yake pana bamba la risasi lenye vitundu vingi, linaloruhusu tu miale inayokuja kwa njia iliyonyooka. Nyuma ya bamba hilo pana fuwele kubwa ya iodidi ya sodiamu, ambayo kwa kawaida unene wake haufiki sentimita moja. Mwale ukiigonga fuwele, hutoa mmweko mdogo wa mwanga. Nyuma ya fuwele imepangwa mirija kadhaa ya kukuza mwanga, mithili ya masega ya nyuki, na kompyuta hulinganisha mwanga uliofika kwenye kila mrija ili kujua mwale ulitoka wapi.

Sasa mnaona udhaifu wake ulipo. Mrija mmoja ukilegea, sehemu moja ya picha hufifia. Fuwele hiyo hufyonza unyevu isipofungwa vizuri, na hupasuka joto likibadilika ghafla. Katika nchi zetu, ambako umeme hukatika na kiyoyozi huzimika pamoja nao, jambo hilo si la kufikirika tu. Mashine inaweza kulala nzima na kuamka mgonjwa, na taa zake zote zikawaka kama jana.

Sindano haina marejeo

Mlaji akigundua kwamba amepunjwa sukari, hurudi dukani. Aliyechomwa dawa ya mionzi hana pa kuirudisha. Dawa imekwisha kuingia mwilini na kazi yake ya kutoa miale imeanza. Ikiwa kamera itagundulika kuwa mbovu baada ya sindano, mgonjwa atakuwa amepokea mionzi bila faida yoyote, na huenda akalazimika kuipokea tena siku nyingine.

Sisemi hivyo ili kuwatia hofu. Kipimo cha mifupa humpa mtu mzima takriban milisiveti 4 za mionzi, ilhali wastani wa dunia wa mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata katika chakula, ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo, na faida ya kuujua ugonjwa mapema hukishinda. Lakini msingi wa matumizi yote ya mionzi katika tiba ni kwamba lazima pawe na faida inayolipia kiasi hicho. Picha isiyoaminika hailipi kitu.

Na hasara kubwa zaidi haiko kwenye mionzi. Iko kwenye uamuzi. Daktari akisoma picha yenye kasoro, anaweza kumwambia mtu mzima kuwa ni mgonjwa, akampeleka kwenye upasuaji au dawa kali asizozihitaji. Au kasoro inaweza kuufifisha ugonjwa uliopo, mtu akarudi nyumbani akishukuru, kumbe muda unampita. Mizani mbovu hukupunguzia mchele. Kamera mbovu inaweza kukupunguzia miaka.

Kinachopimwa kila asubuhi

Katika kituo kinachofuata utaratibu, siku haianzi kwa kumwita mgonjwa wa kwanza. Huanza kwa mambo manne.

Kwanza, chumba hukaguliwa kama kina mionzi iliyosalia, pengine tone la dawa lililodondoka jana kitandani au kwenye uso wa kamera. Tone hilo likiachwa, litatokea kwenye picha kama ugonjwa.

Pili, kamera huangaliwa kama inaitambua nishati inayotakiwa. Miale ya teknetiamu ina nishati ya kiloelektronivolti 140. Kwa kawaida kamera hupangwa ipokee miale iliyo kati ya 126 na 154, na kuikataa iliyopotoka na kupoteza nguvu njiani. Mpangilio huo ukihama, kamera huanza kupokea miale iliyopotoka, na picha hupoteza ukali wake.

Tatu, hupimwa usawa wa picha. Kamera huwekewa chanzo cha mionzi kilichoenea sawasawa, mara nyingi bamba la kobalti-57, na kuhesabu miale milioni kadhaa. Picha ikitoka sawa kote, kamera iko tayari. Ikiwa na doa, mstari au ukungu, kazi inasimama. Hiyo ndiyo picha niliyoonyeshwa mimi na mama yangu.

Nne, hupimwa kifaa kinachopima dawa yenyewe kabla haijaingia kwenye bomba la sindano. Hapo hutumika chanzo cha mionzi kinachodumu, kwa mfano sezi-137, ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu, kwa hiyo thamani yake ya leo inajulikana kabla hata haijawekwa kifaani. Kifaa kikisema vinginevyo, kifaa ndicho kilichokosea. Dawa iliyochujwa nayo huangaliwa isije ikawa imebeba molibdenamu, kwani hiyo humwongezea mgonjwa mionzi isiyosaidia picha.

Yapo na mengine yasiyofanywa kila siku. Kwa vipindi vilivyopangwa hutumika bamba lenye mistari myembamba ya risasi ili kuona kama kamera inaitenganisha mistari hiyo na kuionyesha ikiwa imenyooka. Kamera inayozunguka mwili hupimwa kama kitovu cha mzunguko wake hakijahama. Chombo cha plastiki kilichojazwa maji yenye dawa ya mionzi, chenye tufe na fimbo ndani yake, hupigwa picha kana kwamba ni mtu, ili wataalamu waone kama kamera inakitambua kitu ambacho wao wenyewe wanakijua. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, limechapisha miongozo ya vipimo hivi, hivyo hakuna kituo kinacholazimika kubuni utaratibu wake peke yake.

Kasoro hubadili sura

Mtu anaweza kuuliza: je, daktari bingwa hataliona doa hilo na kulipuuza? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kasoro ileile huvaa sura tofauti kila picha inapopigwa kwa namna tofauti.

Katika picha inayopigwa kamera ikiwa imetulia, mrija uliolegea huacha doa. Katika picha ya mwili mzima, ambapo kamera na mgonjwa hupishana polepole, doa hilo huvutika likawa mstari hafifu kutoka kichwani hadi miguuni, na jicho likauzoea. Kamera inapouzunguka mwili, kama inavyofanywa kwa moyo, kasoro inaweza kugeuka pete. Kitovu cha mzunguko kikihama, picha nzima hutiwa ukungu, na ukuta wa moyo uliokamilika unaweza kuonekana kana kwamba una sehemu isiyopata damu. Kwa hiyo haitoshi kusubiri kasoro ijitokeze kwenye picha ya mgonjwa. Ikifika huko, imekwisha kujichanganya na mwili wake.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kamera za siku hizi zina programu za kujikagua, nazo ni msaada mkubwa. Lakini programu hutoa neno "imefaulu" kwa kufuata namba ilizopewa. Bado linahitajika jicho la mtu aliyefundishwa, anayeilinganisha picha ya leo na ya jana na ya mwezi uliopita, na kuandika matokeo katika rejista kwa tarehe na sahihi. Kasoro nyingi huingia polepole, na siku moja peke yake haiwezi kuzifichua. Rejista huweza.

Hapa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu, yenye makao makuu Arusha na iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni kwa wanaotumia vyanzo vya mionzi na kuwakagua. Lakini mkaguzi hawezi kuwepo kila asubuhi katika kila chumba. Anayekuwepo kila asubuhi ni mteknolojia na mtaalamu wa fizikia tiba, na mbele yao yupo mgonjwa.

Gharama ya kusema "rudi kesho"

Lipo jambo ambalo sikulijua siku ile nilipokuwa nikimfokea yule binti. Dawa iliyochujwa asubuhi haikumngoja fundi. Ilipofika saa 9 alasiri nusu yake ilikuwa imetoweka, na usiku ikazidi kutoweka. Hospitali ilipoteza dawa ya siku nzima, foleni iliahirishwa, na mtu wa kubeba lawama za benchi zima alikuwa yule binti peke yake. Angeweza kunyamaza. Hakuna hata mmoja wetu pale nje ambaye angejua.

Hapo ndipo lilipo jaribu. Kila kitu humshawishi mhudumu aruke kipimo: foleni ndefu, dawa inayopungua, bosi anayeuliza, na ndugu wa wagonjwa kama mimi. Tukimkemea anayesimamisha kazi kwa haki, tunamfundisha asisimamishe tena. Mlaji mwenye busara huipokea habari ya "kamera haikufaulu" kama alivyoipokea mama yangu, na humshukuru aliyeileta.

Wajibu wetu na haki zetu

Nitaje sasa machache ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya.

Kabla ya sindano, uliza kwa heshima: "Je, kamera imepimwa leo, na imefaulu?" Ni swali la haki, wala halimvunjii mtu heshima. Mtaalamu makini hulifurahia. Ukijibiwa kwamba bado, omba usubiri kwanza bila kuchomwa.

Kama umetoka mbali, piga simu asubuhi kabla ya kwenda, na uliza kama huduma inaendelea. Nauli huokolewa kwa swali moja.

Mweleze mhudumu kama una mimba au huenda unayo, na kama unanyonyesha. Maelezo hayo hubadili uamuzi au kipimo cha dawa.

Vua mikufu, mikanda yenye chuma, na toa sarafu mfukoni. Chuma huzuia miale, na kivuli chake huonekana kama sehemu isiyofanya kazi.

Ukiambiwa unywe maji na kukojoa kabla ya picha, tii. Mkojo hubeba dawa ya mionzi, na tone moja likidondokea nguo huonekana kama ugonjwa kwenye nyonga. Nawa mikono, na ukiona umedondosha, sema bila aibu ili ubadilishe nguo. Hapo mgonjwa naye huwa mshiriki katika ubora wa picha yake.

Tunza nakala ya majibu na picha zako, pamoja na jina la kituo na tarehe. Kipimo kikirudiwa, una haki ya kuelezwa sababu. Usiporidhika, anza na ofisi ya malalamiko ya hospitali hiyo. Jambo likihusu usalama wa mionzi, lifikishe kwa Tume.

Ndugu zangu, siku ya pili tulirudi. Fundi alikuwa amekesha akiirekebisha mirija, na asubuhi kamera ilipimwa tena kwanza. Yule binti alituita, akatuonyesha picha ya kijivu isiyo na doa, ndipo akamchoma mama sindano. Tulikunywa maji, tukasubiri saa 3 kivulini, kisha mama akalala chini ya kamera kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao.

Majibu yalikuwaje, hiyo ni siri yake na daktari wake. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba daktari alipotusomea, hatukuwa na haja ya kujiuliza kama ni mwili wa mama uliosema au ni mashine. Tulijua aliyesema ni nani, na tuliweza kupanga hatua iliyofuata.

Haki hiyo ninaitakia kila nyumba inayowakilishwa katika ukumbi huu.